Jinsi ya kuzisoma kreta kuukuu za mwezini ukiwa Kigoma, na darubini ya kuungaunga

Mara ya kwanza nimepata darubini nilifanya kosa ambalo naona karibu kila mtu analifanya, nikasubiri mwezi uwe mpevu, duara kamili, nikaibeba mpaka Kibirizi kule mwaloni, nikachungulia, nikaona weupe. Weupe tu, kama sahani ya ugali wa sembe chini ya taa. Nikajua nimepigwa. Kesho yake nikamfuata aliyeniuzia, nikamwambia kaka hii lenzi mbovu, na yeye wala hakubishana, akasema "mdogo wangu, subiri mwezi ukiwa nusu, alafu uje tena uniambie." Sikurudi. Kumbe lenzi nzima, kibovu kilikuwa tarehe.

Sasa humu sitaongelea zile kreta (mashimo yaliyochimbwa na mawe ya angani yakigonga mwezi) za kujionesha, Tycho na wenzake, hizo hata mtoto anaziona. Naongelea zile kuukuu, zilizochakaa, kingo zimeliwa, sakafu imejaa kifusi, na juu yake zimepigwa kreta nyingine ndogo mpaka huijui ipi ni ipi. Hizi ndo zenye stori ndefu, na zina masharti yake, ukikosea usiku tu hazipo.

Kwanza, tengeneza kreta yako kwenye beseni

Usiruke hatua hii, najua inaonekana ya kitoto. Chukua beseni, jaza majivu ya mkaa uliyoyachekecha (mchanga mkavu wa ziwani unajimwaga, haushiki umbo, mimi nimeshajaribu). Dondosha jiwe la ukubwa wa limau kutoka usawa wa kifua. Litoe taratibu. Utapata shimo la duara, ukingo ulionyanyuka kulizunguka, na majivu yaliyorukia nje kama miale. Hiyo ndo kreta mpya.

Zima taa, washa tochi ya simu juu kabisa, wima. Shimo linakaribia kupotea, unaona kijivu kitupu. Sasa laza simu pembeni ya beseni mwanga uje kwa ubavu: upande mmoja wa ukingo unawaka, mwingine unamwaga kivuli kirefu mpaka sakafuni. Shimo ni lilelile, ila sasa unaweza hata kukadiria kina chake. Hapo umeshaelewa kwa nini mwezi mpevu ulinionesha ugali.

Alafu ndo sehemu yenyewe. Chota changarawe ndogo kwenye kiganja, nyunyiza juu ya ile kreta, mara moja, mara kumi, mara thelathini. Angalia kinachotokea: ile miale ndo inatangulia kufutika, halafu ukingo unaanza kupoteza makali na kuwa mviringo, sakafu inapanda kwa sababu vitu vinaporomokea ndani, na mwisho una kibonde tu chenye vidoa vya mashimo. Mwezini hakuna upepo wala mvua wala mto wa kubeba udongo, kinachochakaza ni hivyo vipigo, vikubwa kwa vidogo mpaka vya ukubwa wa punje ya vumbi, kwa mabilioni ya miaka. Na inaenda polepole kiasi kwamba haieleweki, inakadiriwa kama milimita moja hivi kwa miaka milioni. Nyayo za wale wanaanga wa Apollo 11 walioshuka mwezini mwaka 1969 zitakaa pale mda ambao hata hatuwezi kuupigia hesabu ya vitukuu. Ongezea na mitetemo, kipigo kikubwa kikitua jirani kuta za kreta ya zamani zinatikisika na kuporomoka, na kifusi cha jirani kinaifunika.

Kitu kimoja hutakipata kwenye beseni ni kilima cha katikati. Kile kinatokea kwenye kreta kubwa, mwezini kuanzia kipenyo cha kilometa 15 mpaka 20 hivi, pale sakafu inaporuka juu baada ya kipigo na kugandia hapo.

Na kabla mtu hajauliza kuhusu Ngorongoro: ile tunaiita kreta lakini haikupigwa na kitu, ni volkano iliyobomokea ndani. Tuna kimondo chetu kule Mbozi, pande kubwa la chuma, ila pale hakuna shimo unaloweza kulionesha kwa kidole. Dunia inafuta haraka sana, mvua na miti na jembe. Ndo maana tunaangalia mwezini.

Pili, kupata usiku sahihi

Hapa watu wa Ujiji mna faida, mwandamo mnaufuatilia. Hesabu usiku ule mwezi ulioandama kama usiku wa kwanza, alafu kaa mkao wa kula kuanzia usiku wa saba mpaka wa tisa. Usiku wa nane ndo mtamu wenyewe kwa kreta ntakazozitaja. Kama wewe hesabu ya mwandamo huifuati, angalia tu: mwezi ukiwa nusu kamili, au nusu na kipande kidogo, ndo penyewe.

Sababu ni kwamba ule mstari unaogawa sehemu ya giza na ya nuru, ule ni mapambazuko ya huko. Kwenye mstari jua ndo linachomoza, mwanga unakuja kwa ubavu kama ile simu uliyoilaza, na kila kibonde hata kama kimechakaa vipi kinatoa kivuli. Kreta mpya yenye kingo kali utaiona hata siku tatu nne baadae, lakini kreta kuukuu ina siku moja, mbili ukibahatika, jua likipanda kidogo tu imekwisha, unaipita na huijui. Na mstari wenyewe unatembea, kwenye ikweta ya mwezi unakwenda kama kilometa 15 kwa saa, mwendo wa baiskeli ya mtu asiye na haraka. Kwahiyo ukikaa masaa mawili hapohapo kwenye mkeka utaona vilele vya milima vinawaka kimoja kimoja gizani. Mimi hiki kitu bado kinanishangaza kila mwezi.

Saa ngapi? Kigoma jua linachelewa, tuko magharibi mno na saa zetu ni zilezile za Dar, kwahiyo giza la kueleweka ni kuanzia saa moja na nusu. Nusu mwezi unazama kama saa saba usiku. Una masaa ya kutosha.

Msimu: mwezi wa sita na wa saba anga ni safi kabisa. Kuanzia wa nane kwenda wa tisa mapori yanachomwa, huku kwetu na Tabora ndo usiseme, mwezi unakuwa mwekundu kama tofali na unacheza cheza kwenye lenzi, sio mbaya kwa picha ila vitu vidogo hutaviona. Masika usikate tamaa, usiku mvua imetoka kunyesha na mawingu yakafunguka anga linakuwa limeoshwa.

Tatu, vifaa

Sitakaa sana hapa. Darubini ya macho mawili ya 10×50 (inakuza mara 10, lenzi zina upana wa milimita 50) inatosha kabisa kwa kuanzia, ila itegemeze kwenye kitu, hata bega la rafiki. Kama una ile ya bomba moja yenye lenzi ya upana wa milimita 60 au 70, ukikuza mara 50 mpaka 100 unaona kila kitu ntakachosema. Boksi likikuambia inakuza mara 525, cheka uendelee na safari, kikomo cha maana ni kama mara mbili ya milimita za lenzi, kwahiyo ya 60 mwisho wake 120. Miguu yake ikiwa myepesi ninginiza kiroba cha mchanga katikati, itatulia. Itoe nje nusu saa kabla ipoe. Na jamani, nusu mwezi unakuwa juu wakati jua bado halijazama, usije ukazungusha bomba kizembe likapita kwenye jua na jicho liko pale, utapofuka, hakuna utani hapo.

Nne, jua kushoto na kulia (hapa ndo wengi wanapotea)

Ramani nyingi za mwezi zimechorwa na watu wa kaskazini kule Ulaya, kaskazini ya mwezi iko juu na upande wenye nuru uko kulia. Ukiitoa simu yako ukiwa Kigoma ukalinganisha na mwezi, havifanani, unabaki unageuza shingo. Mimi mwezi mzima nilikuwa natafuta kreta za kusini upande wa kaskazini.

Sisi tuko karibu na ikweta, mwezi unapita juu yetu, ndo maana mwezi mchanga kwetu unalala kama mtumbwi. Fanya hivi: tandika mkeka, lala chali miguu ikielekea ziwani, yani magharibi, kwenye milima ya Kongo. Mkono wako wa kulia ni kaskazini, wa kushoto kusini. Mwezi utauona hivohivo: nuru iko chini kuelekea miguuni kwako, giza liko juu, kaskazini ya mwezi iko kulia na kusini yake iko kushoto. Baadae mwezi ukishuka kuelekea ziwani, wewe unaweza kukaa au kusimama ukiutazama, mpangilio haubadiliki. Sasa ramani izungushe robo mzunguko kama mshale wa saa unavyokwenda, kaskazini yake iende kulia. Imekaa.

Hiyo ni kwa macho na kwa darubini ya macho mawili. Ya bomba yenye kioo kikubwa nyuma inapindua kila kitu, juu chini, kushoto kulia. Ile ya lenzi yenye kile kiwiko cha kuchungulia inakupa picha kama ya kwenye kioo cha kunyolea. Ijue yako ni ya aina gani, jaribu mchana kwa kuangalia kibao cha duka la mbali.

Tano, wale watatu wa katikati

Nenda katikati kabisa ya mstari wa giza na nuru. Sogea kushoto kidogo, yani kusini. Utakutana na mduara mkubwa wenye sakafu kama uwanja wa mpira, halafu ukiendelea kushoto wa pili, halafu wa tatu, wameshikana mikono. Ptolemaeus, Alphonsus, Arzachel. Hawa ndo walimu wangu, kwa sababu wako pamoja, umri tofauti, na unaweza kulinganisha bila kusogeza darubini.

Anza na wa tatu, Arzachel, kipenyo kilometa 97. Ndo kijana wao. Ukingo unaoonekana, kuta zimeshuka kwa ngazi ngazi ndani, kilima cha katikati kipo kimesimama na kivuli chake. Jina lake ni al-Zarqali, mtaalamu wa nyota wa Andalusia wa karne ya 11, wazungu wakalitamka walivyoweza. Padri Riccioli wa Italia ndo aligawa haya majina mwaka 1651, na waislamu kadhaa wamo, ukivuka Ptolemaeus kwenda chini upande wenye nuru utamkuta Albategnius, ambaye ni al-Battani.

Rudi kulia, Alphonsus, kilometa 110 hivi. Ngazi za kwenye kuta zimeshaanza kupotea, ukingo umelika, kilima kipo lakini kidogo, sakafu imejaa. Humu ndimo Ranger 9, chombo cha Marekani kisicho na mtu, kilijigonga kwa makusudi tarehe 24 Machi 1965, kikirusha picha mpaka sekunde ya mwisho, zaidi ya picha 5,800.

Sasa mzee mwenyewe. Ptolemaeus, kilometa 154. Kulipata hilo kichwani, upana wa Ziwa Tanganyika kwa wastani ni kama kilometa 50, kwahiyo weka maziwa matatu kwa upana yakae bega kwa bega. Kaa naye huyu, mwangalie kitu kimoja kimoja.

Kilima cha katikati: hakuna. Kreta ya ukubwa ule lazima ilikuwa na vilima, vimezikwa. Sakafu iko bapa, na hii kitu ni ya ajabu kidogo: Arzachel ni mdogo kwa kipenyo ila ana kina cha kilometa 3.6, huyu mkubwa ana 2.4 tu. Amejaa kifusi. Zamani walidhani vile viwanja bapa vya nyanda za juu ni lava, mpaka Apollo 16 ikashuka sehemu ya namna hiyo, nyanda za Descartes, Aprili 1972, John Young na Charles Duke wakatafuta mawe ya volkano na kila wanaloliokota ni jiwe lililopondwa na kuganda upya kwa vipigo. Kwahiyo kinachoonekana ni takataka zilizorushwa kutoka kipigo cha mbali.

Kipigo kipi, angalia ukingo wake. Sio mduara tena, ni kama pembe sita, na umekatwa na mifereji iliyonyooka, yote imelala uelekeo mmoja, kulia na juu kidogo. Fuata uelekeo huo utafika kwenye bonde la Imbrium, ambalo usiku wa nane bado sehemu kubwa liko gizani, bonde la kipenyo cha zaidi ya kilometa 1,100 lililochimbwa miaka kama bilioni 3.9 iliyopita. Vipande vilivyoruka kutoka kule vilipita vikikwaruza kama reki. Ptolemaeus na Alphonsus wana makovu hayo. Arzachel hana, alizaliwa baada ya vurugu kwisha. Yani bila kuchukua hata jiwe moja umeshapanga nani wa kwanza nani wa mwisho, ukiwa umelala kwenye mkeka Kigoma.

Ukiwa na bomba la kukuza mara 80 hivi, tafuta kwenye sakafu yake kishimo kimoja kikali, Ammonius, kilometa 9. Hicho ni kipya, kimekaa juu ya kifusi. Pembeni yake, na hapa lazima jua liwe chini kabisa, utaona kibonde kipana kama sahani, hakina ukingo wala kivuli cha maana, ni kama mtu amebonyeza unga kwa kiganja. Hiyo ni kreta iliyozikwa. Vipo vingi, saa moja baadae jua likipanda vinafutika vyote.

Sita, Deslandres

Hii ndo nimeandikia yote haya. Kutoka Arzachel endelea kushoto, kuna watatu wengine wamebanana hovyo: Purbach, Regiomontanus, Walther. Ukifika Walther simama, panda juu kuelekea upande wa giza. Unaona nini? Mara ya kwanza utasema hakuna kitu, fujo tupu. Ndo hapo. Umesimama ndani yake.

Deslandres ni kama kilometa 230 kwa kipenyo, ni kati ya kreta kubwa kabisa upande huu tunaouona, na imechakaa kiasi kwamba miaka mingi ramani zilipita tu bila kuitambua kama kreta, jina imekuja kupata karne ya 20. Usiitafute kama kreta, itafute kama unavyotafuta nyumba ya tembe iliyoanguka kitambo. Kule Tabora vijijini utaona kiwanja kimeinuka kidogo, hakuna ukuta, lakini ukisimama mbali jioni jua likiwa chini unauona mstatili mzima na hata mlango ulikuwa wapi. Mbinu ni hiyohiyo: rudi nyuma, punguza ukuzaji, mara 30 inatosha, angalia umbo zima na sio vipande.

Alafu tumia majirani kama vigingi. Walther amekalia upande wake wa chini. Regiomontanus amebanana nayo upande wa chini kulia. Kushoto kwa chini kuna Lexell, kilometa 63, amevunja kabisa ukingo na kuingia, sakafu yake na ya Deslandres zimekuwa kitu kimoja kama vyumba viwili vilivyobomolewa ukuta. Juu, ndani, kuna kishimo kizuri cha kilometa 33 kinaitwa Hell (sio jehanamu, ni padri mmoja mtaalamu wa nyota, Maximilian Hell). Ukishawaweka hao wanne kichwani, unganisha kwa jicho vipande vya ukingo vilivyobaki katikati yao. Inachukua mda. Mimi iliniibukia usiku wa tatu wa kujaribu, ghafla, na tangu hapo siwezi kutoiona.

Kanuni ya kupanga umri ni moja tu, aliyemkata mwenzake ndo mdogo. Lexell kamkata Deslandres, kwahiyo Lexell kaja baadae. Hell kakaa juu ya sakafu, kwahiyo sakafu ilikuwepo. Wote wamemkuta. Deslandres hajamkuta mtu.

Saba, chora

Picha ya simu piga, ni sawa, punguza mwanga kwa kidole kwenye skrini maana simu inaunguza picha. Lakini chora pia, daftari la hesabu na penseli, duara la ukubwa wa bilauri, kaza kivuli tu, achana na urembo. Andika usiku wa ngapi na saa. Jicho linaloangalia ili lichore linaona mara mbili zaidi, michoro yangu ya kwanza ni aibu lakini ndo iliyonionesha kwamba Alphonsus ana kilima.

Tochi ya kuchorea ifunike kipande cha kanga nyekundu, macho yasiharibike. Majirani watakuuliza unapiga ramli ya nani, wape wachungulie, wanaacha kuuliza.

Usiku wa tisa rudi palepale, utakuta Deslandres imeanza kupauka na mstari umeshapanda mpaka Clavius, kule kushoto kabisa, kilometa 230 hivi, kuukuu pia ila imejitunza, na ndani yake kuna kreta zimejipanga upinde kutoka kubwa kwenda ndogo kama watoto kwenye foleni ya uji. Alafu subiri mwezi mpevu, nenda ukaitafute Deslandres kwa mara nyingine. Mimi nimejaribu sijui mara ngapi. Kuna doa jeupe linalowaka ndani yake upande wa Walther, hilo unaliona hata kwa darubini ya macho mawili, lakini kreta yenyewe ya kilometa 230 haipo, na mitumbwi yote imepaki Kibirizi kwa sababu taa haivuti dagaa mbele ya mbalamwezi, kwahiyo hata cha kukaanga ukirudi nyumbani hakuna.